Kipande cha Vifundo Vinne

Gatsata, Kigali
9 Februari 2025

Mwanangu Joselyne,

Salamu kutoka mlimani. Sisi tunapumua. Goti la mama yako mdogo Spéciose limegoma tena kwa sababu ya mvua, lakini mdomo wake uko salama, na mdomo ndio unaoendesha nyumba hii. Gereji zilizo chini yetu zimeongeza nyundo. Niliwaandikia viongozi wa mtaa malalamiko marefu yenye vifungu, wakanijibu kwa mstari mmoja. Sasa naandaa jibu la mstari huo. Redio nayo imeacha kupokea simu zangu. Inaonekana wanaijua namba.

Barua hii nimempa Usumani, dereva wa basi la Dar es Salaam, pale kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Najua una simu. Hata mimi ninayo. Lakini kwenye simu mtu hukukatiza maneno, na mimi sikuzaliwa ili nikatizwe.

Sasa jambo lenyewe. Watu wa Mutsinzi wameleta ujumbe kutoka Rebero. Wanataka kuja gusaba mwezi wa nane, yaani kukuomba rasmi mbele ya ukoo. Kijana sina ugomvi naye. Amekulia Tanzania, anasalimia wakubwa mpaka wakubwa wanachoka. Lakini desturi ni desturi. Tangu tulipomzika baba yako kule Bujumbura, msemaji wa ukoo ni mimi. Wao wataomba, mimi nitakataa. Ndiyo kazi ya msemaji wa upande wa binti: kukataa kwa ufasaha mpaka waombaji wathibitishe kuwa wana akili. Nikishawishika nitakubali. Nisiposhawishika, siwezi kusema uongo mbele ya mahema ya kukodi.

Watakukumbusha habari ya Kellen, mpwa wa Spéciose. Ni kweli kwamba waombaji wake walirudi kwao jioni na kreti zao za vinywaji. Hoja zao zilikuwa dhaifu.

Na nimesikia msemaji wao ni nani. Ni Salvator, mjomba wa Mutsinzi, yule mstaafu aliyeandika gazetini kwamba maneno ya gusaba yapunguzwe yawe nusu saa. Nilimjibu mara tatu. Gazeti likachapa jibu lake la mwisho, langu likaliacha. Kwa miaka nimesubiri mtu huyo aingie uani kwangu kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo nieleze vizuri unasomea nini huko. Ataniuliza, na sitaki kubabaika.

Baba yako mdogo,
Eustache


Dar es Salaam
2 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Poleni na mvua, na mpe pole Mama mdogo kwa goti. Huku joto limetukalia kifuani. Umeme ulikatika, tukakesha tukihamisha sampuli kutoka jokofu hadi jokofu kama watu wanaookoa vifaranga. Mutsinzi alipita wiki iliyopita kikazi, anawasalimu. Alimsalimu hata mwenye nyumba wangu mara mbili.

Ninachosomea ni maumbo ya protini zinazoamua kama seli iishi au ife. Seli za mwili hazifi kwa ajali tu. Kila moja imebeba ndani yake vyombo vya kujimaliza, na kuna protini zinazokisimamia kifo hicho kilichopangwa. Ulipokuwa tumboni mwa Bibi, mkono wako ulikuwa kama mwiko. Kisha seli zilizokuwa katikati ya vidole zikapewa amri. Zikajikunja, zikajikata vipande, na seli za jirani zikavimeza vipande hivyo bila kelele wala uvimbe. Ndiyo maana leo una vidole vya kushika kalamu, jambo ambalo magazeti ya Kigali yanalijutia.

Nimefurahi kwamba mmepokea ujumbe wa Rebero. Nasikia Baba mdogo Régis amerudi kutoka Uganda. Ana sauti nzuri. Nilikuwa nawaza tu, ili usichoke, labda angeweza kusema sehemu fulani.

Mwanao,
Joselyne


Gatsata
23 Machi 2025

Mwanangu,

Sisi wazima. Goti limetulia, nyundo hazijatulia. Régis amenenepa. Sauti yake ni nzuri kwa sababu haijawahi kubeba hoja. Punda asiyebeba mzigo naye ana mwendo mzuri. Habari hiyo nimeifunga.

Sasa barua yako. Niliisoma mezani kwa sauti, kama kawaida yetu. Nilipofika kwenye kifo kilichopangwa, na jirani kummeza jirani, Spéciose aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Joselyne, katika mji huu kuna watu wanaojua kifo kilichokaliwa kikao kilivyo. Wewe ulizaliwa baada ya mwaka wa 1994, sikulaumu. Nawalaumu mabwana wa sayansi waliochagua maneno bila kumuuliza hata mfiwa mmoja. Tafuta maneno mengine, la sivyo sayansi hiyo isikanyage ua wangu.

Hilo nimelimaliza, sasa naupinga pia mpango wenyewe. Seli nzima, yenye afya, haijamkosea mtu, inaambiwa ondoka, nayo inaondoka? Haikati rufaa? Haiandiki hata mstari? Kama mwili wangu umejengwa na seli za namna hiyo, basi kichwa changu kilitoka kwingine.

Eustache


Dar es Salaam
20 Aprili 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa. Basi la Usumani liliharibika Kahama, akalala huko na bahasha yako chini ya kiti. Mwambie Mama mdogo kwamba nimeona haya, na kwamba umesema kweli. Nilikuwa nimeyazoea maneno yale mpaka nikasahau kuyasikia. Tangu siku hiyo katika daftari zangu naandika "kuondoka kwa adabu". Mwalimu wangu ameuliza maana yake, nikamwambia ni istilahi ya Gatsata.

Ama kuhusu rufaa, rufaa ipo. Seli haifukuzwi kirahisi. Ndani yake mna mitokondria, tanuri ndogo zinazoipa nguvu. Kuna protini ziitwazo Bax na Bak ambazo zikiachiwa hukusanyika kwenye ukuta wa tanuri na kuutoboa. Kinachovuja hapo huamsha protini nyingine, zile za kukata, na mambo yanaishia hapo. Lakini mbele yao amesimama mlinzi. Anaitwa Bcl-2. Najua utasema ni jina la pikipiki. Kazi yake ni kuwashika hao watobozi wasitoboe. Seli inaishi kwa sababu mlinzi anakataa.

Umbo lake ndilo kazi yangu. Yeye ni kama fungu la kamba zilizosokotwa na kulazwa pamoja, na juu yake pana mfereji mwembamba wenye vishimo vinne. Anashika kwa mfereji huo tu, hana mwingine. Seli ikiumia vibaya au muda wake ukifika, hutokea protini ndogo, wajumbe, ambao kila mmoja ana kipande chenye vifundo vinne. Kifundo kwa kishimo, kipande kinaketi ndani ya mfereji kama kilizaliwa humo. Mlinzi hapigwi, Baba mdogo. Hasukumwi. Anapewa tu kitu kinachomkaa vizuri kuliko kile alichoshika, na akishakikumbatia hicho, watobozi wameshaponyoka.

Mimi nachonga vipande vya namna hiyo na kutazama kipi kinakaa.

Wasalimu wote, hata mafundi wa gereji.

Joselyne


Gatsata
11 Mei 2025

Mwanangu mpendwa sana,

Sisi wazima kupita kiasi. Spéciose amekusamehe, "kuondoka kwa adabu" alilirudia mara mbili akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kwake hiyo ni nishani.

Joselyne, hatimaye sayansi imenikuta pale nilipokuwa nimesimama tangu ujana wangu. Mlinzi! Anayekataa ili watu waishi! Nimekuwa nikitafuta neno la kuieleza kazi yangu katika nchi hii, na kumbe lilikuwa limekaa kwenye ukuta wa tanuri. Nimewaeleza mafundi wa chini. Mmoja aliuliza kama mlinzi huyo analipwa, nikamwambia hapana, wakasema basi mlinzi huyo kweli ni mimi.

Basi na ajue Salvator. Yeye na ujumbe wake ndio hao vipande, na mfereji wangu hauna vishimo. Nitakataa kwamba tuna binti. Nikishindwa hapo nitakataa kwamba binti anaolewa. Nikishindwa hapo nitakataa Rebero. Na unajua desturi ya ukoo wetu: msemaji akishaonja pombe ya waombaji, binti ametolewa, hakuna neno tena. Kwa hiyo nitakuja na chupa yangu ya maji na sitaigusa pombe yao mpaka nitakapotaka mwenyewe. Watu wa mahema nimewaambia walete na taa.

Mlinzi wako,
Eustache


Dar es Salaam
25 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi salama, mvua imekwisha, na mimi nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama.

Sikukumalizia habari ya mlinzi, kwa hiyo nammalizia leo. Walimgunduaje? Walimkuta kwenye saratani. Kuna saratani ya matezi ambayo ndani yake sehemu ya kurithi imehama mahali pake, na seli inatengeneza walinzi bila kipimo. Watu walitarajia kuona seli zinazozaliana kwa kasi. Hawakuona hivyo. Waliona seli za kawaida, wala hazina nguvu kuliko wenzao, ila muda wao ukifika hazitoki. Zinakaa. Zinajaa. Mwili mzima unavimba kwa sababu ya walinzi hodari waliofanya kazi yao bila kujua mwisho wake.

Kellen aliolewa Mbarara, hapakuwa na mtu wetu hata mmoja uani. Mama mdogo anayo picha moja, aliitoa kwenye simu ya mtu. Mimi sitaki kuolewa kwa picha. Nataka kutoka mlangoni kwako, kwa adabu, wewe ukiwa umeketi pale pale mbele. Usiponitoa siku hiyo, nitaolewa tu, maana mimi na Mutsinzi tumeshaamua. Ila nitakuwa nimetoboa ukuta.

Nimesema nilichotaka kusema. Nisamehe kwa namna nilivyosema.

Joselyne


Gatsata
6 Julai 2025

Joselyne,

Barua yako imefika. Sisi wazima. Mahema yamepatikana.

Eustache

(Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko wa Spéciose:)

Mwanangu, mahema yapo lakini mtu hayupo. Ile barua yako aliwasomea mafundi wa gereji ili wamwambie ni matusi. Wakamwambia ni kweli. Tangu hapo hawasalimii. Anaandika sababu za kukataa hata kwenye karatasi za sukari. Lile uliloniomba kwa simu limefika, nimelipitisha kwenye kwaya, kwa mke wa mtu tunayemjua. Njoo salama.


Dar es Salaam
14 Septemba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Tumefika salama, mimi na mume wangu. Neno hilo bado naliandika polepole. Tumepata vyumba viwili karibu na maabara, jikoni kuna dirisha, na wale mende waliokuwemo tumewaomba waondoke kwa adabu. Wamekata rufaa.

Nina swali, na usinijibu kwa simu. Unajua bibi harusi hafichuliwi mpaka atolewe. Nilikuwa chumbani na wasichana, nimevaa mshanana, vazi letu la sherehe la kufunga begani, sioni kitu. Nilisikia ukikataa mara ya kwanza, watu wakacheka. Ukakataa mara ya pili, wakapiga makofi. Ya tatu hawakucheka. Binamu Liliane, mkubwa wetu mle chumbani, alinishika mkono. Nilimsikia mtu mmoja upande wa wageni akiuliza kama kreti zirudishwe garini, na nilianza kuvua bangili.

Kisha nikasikia sauti ya Salvator, ya chini, sikushika maneno. Halafu wewe tena, kwa muda mrefu, na nikasikia "tanuri" na "mfereji". Halafu vigelegele.

Nilipotolewa nje nilikukuta umeketi umefunga mdomo. Sijawahi kukuona umefunga mdomo, nikadhani umeugua. Mama mdogo anasema hajui kitu, na anaposema hivyo anatazama pembeni. Mutsinzi anasema alikuwa anatazama viatu vyake. Nini kilitokea pale uani?

Mwanao,
Joselyne


Gatsata
5 Oktoba 2025

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mumeo. Hapa tupo. Goti la Spéciose lilicheza kwenye harusi yako mpaka likasahau kuwa goti, sasa linadai. Gereji moja imehama. Nimejikuta asubuhi nasikiliza nyundo ambayo haipo. Sitawaandikia.

Unauliza kilichotokea. Mchunguzi wa maumbo anamuuliza mzee wa Gatsata. Vizuri, nitajibu kana kwamba hujui.

Niliwaambia wamepotea njia, nyumba yenye binti iko mtaa wa pili. Salvator akajibu vizuri. Nikawaambia binti yupo ila ameolewa na vitabu. Akajibu vizuri zaidi, na hilo liliniudhi. Kwa hiyo mara ya tatu nilisema hapana ambayo haikuwa na mzaha. Nilisema mtu anayetaka ndoa za watu ziishe kwa nusu saa asipewe hata kuku. Nilimwona Spéciose amesimama mlangoni kwako na mkono kwenye kitasa. Nilikuwa nimeshinda, Joselyne. Nilikuwa nimemshinda Salvator mbele ya watu wote, na nikatafuta chupa yangu ya maji ili ninywe ushindi wangu, nikakuta haipo. Mwizi wa chupa ile analala upande wa ukutani wa kitanda changu.

Ndipo Salvator akainuka, akavua kofia. Akasema hakuja tena kuomba binti, kwa kuwa ameona hawezi. Anaomba elimu tu kabla hajarudi Rebero. Amesikia kwamba mimi ndiye mtu pekee Kigali anayeweza kuieleza sayansi ya Joselyne kwa lugha ya watu. Hicho kilikuwa kifundo kimoja. Akasema yeye ameelewa kwamba mlinzi huyo ni protini inayotoboa tanuri. Kosa kubwa, la kumfanya mtu yeyote aliyesoma ainuke kitini. Viwili. Akasema mhariri wa gazeti lile yupo kati ya wageni, kiti cha tatu, na ameleta kalamu. Vitatu. Kisha akavuka uwanja, akaniwekea maikrofoni mbele, akaketi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakunikatiza. Vinne.

Nilieleza. Nilieleza vizuri kuliko walimu wako. Nilipofika kwenye mfereji ilibidi niwaonyeshe, nikaweka viganja viwili sambamba, hivi, juu kidogo ya kifua, nikawaambia watazame vishimo. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mlinzi. Koo lilikuwa limekauka kama barabara ya Gatsata mwezi wa saba. Hapo Régis, yule mwenye sauti nzuri, akaja na chungu bila kutumia sauti yake kabisa, akaniletea mrija mdomoni. Nikavuta.

Lililobaki ulilisikia.

Ukoo mzima unasema Eustache alinaswa. Mafundi wa gereji wanasimuliana, kila mara chungu kinakuwa kikubwa zaidi. Wewe mwenyewe, naamini, uko Dar unacheka na mumeo kwamba kipande kilikaa. Sasa nikueleze jambo ambalo halimo kwenye daftari lako.

Salvator alipokuwa anauliza, alisema seli "zinaondoka kwa adabu". Maneno hayo hakuyapata Rebero. Yalizaliwa kati ya barua zako na meza yangu, na Spéciose na mke wa Salvator hawajaanza jana kuimba kwaya moja, na Spéciose anapoandika nyuma ya bahasha anasahau kwamba bahasha naipeleka Nyabugogo mimi. Nilikuwa nimeshakitambua kipande, na mkono uliokichonga, kabla sijagusa maikrofoni. Vifundo vyote vinne nilivihesabu vikiingia. Vinakaa vizuri. Nakupongeza.

Na pombe je? Mlinzi wako, mwanangu, hana pua. Mimi ninayo. Watu wa Rebero wanaunguza mtama wa pombe yao. Ilininukia tangu Régis alipokuwa kwenye hema. Nilikuwa na nafasi ya kugeuza uso, nilikuwa na nafasi ya kuwaambia watu wote kilichomo ndani ya mrija ule. Nilitazama mikono yangu, ile iliyokuwa mwiko. Nikafikiri kwamba kuna kitu kilikubali kuondoka katikati ya vidole hivi, na hakikuniandikia hata mstari mmoja wa malalamiko.

Mwakani ni zamu ya Shimwa, binti wa Liliane. Régis ndiye atakayeketi mbele. Mimi nitaketi nyuma yake, karibu na sikio.

Mwambie mumeo amfikishie mjomba wake kwamba pombe ile ilikuwa nyepesi. Nilimaliza chungu ili niwe na hakika.

Baba yako,
Eustache